Dakika Sita za UPS: Gharama ya Kuzima Kompyuta kwa Utaratibu Kyela

Mwenye duka la stesheneri akitaka kununua UPS, swali lake la kwanza kwa muuzaji huwa hili: itakaa muda gani umeme ukikatika? Muuzaji hutaja dakika, ishirini au thelathini, na biashara inaishia hapo. Ningependa aulize kwanza kama hiyo UPS inaweza kuiambia kompyuta kwamba umeme umekatika. Umeme wa Kyela haungoji uwe umekaa mbele ya kioo. Unakatika saa nane mchana ukiwa umekwenda kula, au usiku mashine ikiwa imeachwa inafanya kazi peke yake. UPS isiyoongea na kompyuta itapiga kelele mpaka betri iishe, kisha itazima kila kitu kwa mkupuo, vilevile kama ambavyo kingezimika bila yenyewe. Umetoa laki moja na nusu kununua kuchelewa.

Makala hii ni ya wenye kompyuta za Linux, iwe Ubuntu, Debian au Mint, katika ukanda huu wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa: Kyela mjini, Ipinda, Matema, Kasumulu mpakani. Mashine ya mezani iliyokwisha kutumika miaka minane inaelemewa na Windows mpya, lakini kwa Mint inakwenda vizuri. Virusi vya Windows vinavyosafiri kwenye flashi za wateja havipati pa kushika humo. Na Linux ina jambo moja ambalo kwa mazingira yetu ni fedha kabisa: unaweza kuiandikia skripti yako, yaani maagizo ya kufuatwa kila inapozima, bila kulipia leseni ya chochote. Ihifadhi nakala ya hesabu za leo, ifunge kanzidata, iachie diski ya nje, ndipo izime.

Skripti ni bure. Kinachogharimu ni kuipatia muda wa kufanya kazi, na hapo ndipo watu wanapotupa hela.

Wilaya yetu iko bondeni. Ziwa lenyewe liko kama mita 474 tu juu ya usawa wa bahari, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone inasimama ghafla juu ya Matema. Joto ni kali, mvua ni nyingi, na kuanzia Machi hadi Mei radi ni jambo la kila wiki. Nyaya za umeme zinapita katikati ya migomba, miembe na mashamba ya kakao, na tawi moja likianguka mtaa mzima unalala gizani. Mgawo wa umeme ulioisumbua nchi mwishoni mwa 2023 ulianza kupungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuwashwa Februari 2024. Lakini umeme mwingi wa bwawa hilo la Rufiji hauzuii tawi la mwembe wa Ipinda kuangukia waya. Mbaya zaidi ni ule mkatiko wa sekunde moja: taa inapepesa, feni haijasimama hata kidogo, na kompyuta imeshajiwasha upya.

Kinachopotea katika sekunde hiyo kinategemea mahali kilipokuwa. Linux haipeleki kila herufi kwenye diski papo hapo. Kwa mipangilio ya kawaida, ulichoandika kinaweza kukaa kwenye kumbukumbu ya muda kwa sekunde thelathini hivi kabla ya kushuka kwenye diski. Mfumo wa faili wa ext4 una daftari lake la ndani linaloulinda usivurugike, kwa hiyo mashine itawaka tena. Linachohakikisha daftari hilo ni kwamba rafu hazijaanguka. Halihakikishi kwamba vitabu vyote vimo. Diski ya nje iliyopangwa kwa FAT32 au exFAT, ambayo ndiyo wengi wanawekea nakala zao, haina hata daftari hilo. Ikikatikiwa umeme katikati ya kuandika, nakala iliyotegemewa kuokoa ndiyo inayoharibika.

Kwa karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, hasara hiyo ina bei inayohesabika. Kakao ya Kyela inakusanywa kwa wakulima, inapimwa, inaandikiwa stakabadhi ghalani, kisha inauzwa mnadani. Mwaka 2024, bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani, kilo moja mnadani hapa ilipita shilingi 20,000. Mkulima mmoja wa kilo 50 ambaye mstari wake umepotea ni milioni moja iliyogeuka kuwa mabishano. UPS nzuri ni sehemu ndogo ya hiyo.

Kununua: ipi kwa bei gani

Bei ninazotaja ni za kupangia bajeti tu. Zinapanda na kushuka na dola, kwa hiyo ulizia Mwanjelwa, Mbeya mjini, au duka lako la karibu kabla hujafungua pochi.

Anza na asiye na hela kabisa. Skripti ya kuzima haimsaidii umeme unapokatika ghafla, kwa sababu hakuna wa kuiita. Mashine imekufa kabla ya kusikia habari. Huyu aweke kazi ya cron, yaani ratiba ya Linux ya kuendesha amri kwa saa zilizopangwa, inayochukua nakala ya kanzidata kila nusu saa, na awe na diski ya nje inayounganishwa muda wa nakala tu, kisha inaachiwa. Atapoteza nusu saa ya kazi badala ya siku nzima. Gharama yake ni sifuri, na hata mwenye betri kubwa asiiache.

Anayefuata ni mwenye kompyuta ya mezani anayetaka UPS. Ile ya kawaida ya VA 650 inapatikana kwa laki moja na nusu hivi, pengine pungufu. Zinafanana sokoni kama mapacha, lakini nyuma baadhi zina tundu la USB la mawasiliano na nyingine hazina. Tofauti ya bei mara nyingi ni elfu ishirini au thelathini, na hiyo ndiyo pesa yenye faida kuliko zote utakazotoa siku hiyo. Usiamini picha ya boksi. Nenda dukani na laptopu yako ya Linux, chomeka kebo, andika lsusb, uone kama kuna kifaa kimeongezeka kwenye orodha. Nyingi za bei nafuu hujitambulisha kwa namba 0665:5161. Ukiiona hiyo, programu ya NUT itaweza kuongea nayo kwa kiendeshi chake kiitwacho nutdrv_qx. Za APC zenye kebo zina programu yake, apcupsd, na NUT nayo inazielewa. Ukichomeka na orodha isibadilike, rudisha kwenye boksi hata kama muuzaji anaapa.

Sasa dakika. Betri iliyomo ndani ya UPS hizo ni ya volti 12 na Ah 7, yaani saa-wati 84 kwa karatasi. Ikivutwa kwa kasi haitoi zote, hesabu nusu. Kompyuta na kioo chake vikila wati 100, ni kama dakika 25 betri ikiwa mpya. Lakini betri hizi za risasi hupewa umri wa miaka mitatu hadi mitano kwenye joto la nyuzi 25, na kila joto linapopanda kama nyuzi kumi umri hupungua kwa nusu. Chumba cha bati Kyela mwezi Novemba hakina nyuzi 25. Panga kubadilisha betri kila miaka miwili, kwa elfu hamsini hivi, na uhesabu kwamba mwaka wa pili zile dakika 25 zimekuwa kumi na mbili au chini yake. Usiiweke UPS juu ya kabati karibu na bati, wala kando ya ukuta unaopigwa na jua la mchana. Na usichomeke printa ya leza humo: inapopasha moto karatasi inavuta umeme mwingi kuliko UPS hiyo inavyoweza kubeba, na itazima kila kitu hata TANESCO ikiwepo.

Kisha kuna laptopu iliyotumika, ambayo wengi hawaihesabu kabisa katika mambo haya. Laptopu ina UPS yake tumboni, na Linux inaisoma bila kebo wala kiendeshi cha ziada. Tufanye hesabu ya duka linalofanya kazi saa kumi kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kwa bei ya TANESCO iliyoidhinishwa mwaka 2016 kwa mtumiaji wa kawaida, shilingi 292 kwa uniti, ukijumlisha VAT na tozo za REA na EWURA inafika kama 356. Mashine ya mezani ya wati 80 inakula uniti 20.8, yaani kama shilingi 7,400 za LUKU. Laptopu ya wati 20 inakula kama 1,850. Tofauti kwa mwaka ni kama shilingi 66,600, na kwa miaka minne ni kama laki mbili na elfu sitini na sita.

Weka sasa hesabu hiyo pembeni ya gharama za kununua. Mwenye mashine ya mezani tayari akiongeza UPS ya laki moja na nusu na betri moja ya kubadilisha, miaka minne imemgharimu laki mbili. Anayenunua laptopu kwa laki nne na kuibadilishia betri kwa elfu themanini ametoa laki nne na themanini, lakini akitoa umeme aliookoa anabaki na kama laki mbili na elfu kumi na nne. Wamelingana karibu kabisa. Tofauti ni kwamba wa laptopu ana saa moja au mbili za kuendelea kufanya kazi, na akiuza ile ya mezani amemshinda mwenzake. Kwa duka linaloanza leo, bila mashine yoyote, nasema laptopu bila kusita. Kwa mwenye mashine nzuri ya mezani, UPS yenye kebo inatosha.

Laptopu ina mtego wake mmoja. Programu ya UPower, inayoangalia betri, kwa kawaida husubiri mpaka ibaki asilimia mbili ndipo ichukue hatua. Betri ya zamani haina asilimia mbili: inasema ishirini, kisha inazima. Fungua faili la /etc/UPower/UPower.conf, weka PercentageAction=15, PercentageCritical=20 na PercentageLow=30 (lazima zipandiane hivyo), na kwenye CriticalPowerAction uandike PowerOff, maana ilivyokuja inataka kulala badala ya kuzima. Hapo skripti yako itapata nafasi.

Inveta na betri kubwa, yenye sola au isiyo nayo, inaanzia milioni moja na kupanda. Inafaa kwa kazi inayoingiza hela giza likiwepo: zahanati, nyumba ya wageni Matema, duka la kuchaji simu. Kwa stesheneri ambayo kipato chake ni mashine ya fotokopi, inveta ndogo haitaibeba fotokopi hiyo, kwa hiyo umenunua mwanga wa kusubiria umeme. Na inveta nyingi zinazouzwa hapa ni mabubu kama ile UPS isiyo na kebo. Zitakupa saa sita nzuri, na saa sita usiku betri ikishuka zitakata ghafla, huku mwenye kompyuta amelala akijua ana ulinzi. Kuweka UPS ndogo yenye kebo baada ya inveta ni dawa, mradi inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi-ngazi ambalo UPS nyingi hulikataa, zikadhani umeme umekatika muda wote.

Ipo njia ya maskini ninayoipenda kwa wenye UPS au inveta bubu. Tafuta ruta ya zamani ya intaneti, hata ya elfu thelathini, uichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya TANESCO, nje ya UPS. Iunganishe na kompyuta kwa kebo ya mtandao. TANESCO ikiondoka ruta inakufa, na kompyuta inaona papo hapo kwamba upande wa pili wa kebo hakuna mtu. Linux inaliandika hilo ndani ya /sys/class/net, kwenye faili liitwalo carrier. Skripti fupi inayolisoma kila dakika, ikikuta kimya mara tatu mfululizo inaita shutdown. Udhaifu wake ni binadamu. Mama mmoja mwenye duka Ipinda alinipigia: "Fundi, kompyuta imejizima yenyewe, mtoto alichomoa tu kile kidude cha ukutani achaji simu." Tulikifunga kile kidude nyuma ya kabati, na tangu hapo kimetulia.

Raspberry Pi naitaja kwa haraka. Inakula wati tano, inafaa sana shuleni kwa maktaba kama Kolibri isiyohitaji intaneti, lakini bei yake kwa sasa inakaribia ya laptopu iliyotumika, kadi yake ya SD huharibika kwa mkatiko wa umeme kuliko diski, na kabla ya toleo la 5 haina saa ya ndani, kwa hiyo ikizima bila mtandao inaamka na tarehe ya uongo. Kwa kutunza stakabadhi sitaichagua.

Wapi pa kuweka skripti

Hapa hakuna shilingi inayotoka, lakini chaguo baya linakupotezea kila ulichonunua. Mafundi wengi wamejifunza kwa vitabu vya zamani, enzi za saraka za rc0.d na rc6.d, ambapo faili linaloanza na herufi K liliitwa wakati wa kuzima. Debian na Ubuntu zilihamia systemd kama mfumo wao wa msingi mwaka 2015. Faili lililotupwa tu ndani ya saraka hizo za kale laweza lisiitwe kabisa, na hakuna atakayekuambia.

Wengine huweka skripti ndani ya /usr/lib/systemd/system-shutdown. Jina la saraka linavutia, lakini humo maagizo yanaendeshwa dakika ya mwisho kabisa: huduma zote zimekwisha kufungwa, kanzidata haipo, diski zimeachiwa au zimebaki za kusomwa tu. Ni mahali pa kuiambia UPS ikate umeme wake, na NUT huweka faili lake humo kwa kazi hiyo. Nakala ya hesabu haiwezi kuchukuliwa hapo.

Wapo wanaoiweka ndani ya programu ya UPS yenyewe. Apcupsd, kwa mfano, hukubali faili liitwalo doshutdown. Linafanya kazi, ila linaitwa pale tu UPS inapoamuru kuzima. Jioni mfanyakazi akizima mwenyewe kwa kubonyeza menyu, nakala haichukuliwi. Wiki nzima bila mkatiko wa umeme inakuwa wiki nzima bila nakala.

Chaguo langu ni huduma ya systemd ambayo haifanyi lolote inapowaka, na inafanya kazi yake yote inapozimwa. Itaitwa kwa kuzima kwa kawaida, kwa kuwasha upya, na kwa amri ya UPS. Faili lake, /etc/systemd/system/funga-duka.service, ni hili:

[Unit]
Description=Funga duka
After=mariadb.service network.target mnt-nakala.mount

[Service]
Type=oneshot
RemainAfterExit=yes
ExecStart=/bin/true
ExecStop=/usr/local/sbin/funga-duka
TimeoutStopSec=120

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Mstari wa After ndio moyo. systemd huzima vitu kwa kinyume cha vilivyowaka. Ukisema huduma hii iwake baada ya kanzidata, umesema pia ifungwe kabla ya kanzidata, ndiyo maana nakala inapochukuliwa MariaDB bado iko hai. Mstari huo ukikosekana siku nyingine itafanya kazi na siku nyingine haitafanya, na hakuna kosa gumu kulitafuta kama hilo. RemainAfterExit nayo ni ya lazima: bila hiyo, systemd inaona huduma imekwisha kazi tangu asubuhi, na ExecStop inaitwa palepale mashine inapowaka badala ya kungoja jioni. Baada ya kuandika, toa amri ya systemctl enable --now funga-duka. Lile neno now lisisahaulike, kwa kuwa huduma ambayo haikuwashwa haiwezi kuzimwa, na skripti yako isingeitwa mpaka baada ya kuwasha upya.

Skripti yenyewe, kwa duka dogo:

#!/bin/bash
set -o pipefail
N=/mnt/nakala
mountpoint -q $N || N=/var/nakala
F=$N/duka-$(date +%F-%H%M).sql.gz
if mysqldump --single-transaction duka | gzip > $F.nusu; then
  mv $F.nusu $F
  logger "funga-duka: nakala imekamilika"
else
  logger "funga-duka: NAKALA IMESHINDWA"
fi
sync

Saraka ya /var/nakala itengenezwe mapema, kwa siku ambayo mtu ameondoka na diski ya nje. Nakala inaandikwa kwanza kwa jina linaloishia na "nusu", na inabadilishwa jina ikishakamilika, ili kesho yake usije ukaamini faili lililoishia njiani. Ule mstari wa pipefail watu wengi huuruka: pasipo huo, mysqldump ikishindwa na gzip ikafaulu kubana hewa tupu, mfumo unahesabu kwamba mambo ni mazuri, nawe una rundo la faili za nakala zisizo na kitu ndani.

Hesabu ya dakika

Chukua UPS ya mwaka wa pili yenye dakika kumi halisi. Usizime mara tu umeme unapoondoka, maana mikatiko mingi ya hapa hurudi ndani ya dakika moja; subiri dakika mbili. Skripti yako imepewa ukomo wa dakika mbili na TimeoutStopSec. Huduma nyingine zinazokaidi kuzima, systemd inazisubiri sekunde 90 kabla ya kuzikata kwa nguvu. Ongeza nusu dakika ya kuachia diski. Jumla ni dakika sita, na umebaki na nne za akiba kwa siku ambayo umeme ulirudi kidogo ukakatika tena kabla betri haijajaa.

Zile dakika mbili za kusubiri zinapangwa kwenye upssched ya NUT: umeme ukiondoka anzisha saa ya sekunde 120, ukirudi ifute, ikifika toa amri ya upsmon -c fsd. Kwa UPS za bei nafuu natumia saa hii na kuiacha kabisa asilimia ya betri, kwa sababu nyingi hazipimi asilimia bali zinaikisia kutoka kwenye volti, na betri ya risasi iliyochoka hudanganya hadi dakika ya mwisho. Anayesubiri taarifa ya betri kuisha kwenye UPS ya aina hiyo anaipata pamoja na giza.

Hospitali na zahanati zenye seva ziongeze muda wa skripti. Care2x, mfumo huru wa hospitali uliowahi kutumika katika hospitali kadhaa za KKKT nchini, na mifumo mingine ya aina yake, huwa na kanzidata kubwa ambayo nakala yake haichukuliwi kwa dakika mbili. Huko ni bora nakala kamili ichukuliwe na cron usiku, na skripti ya kuzima ibaki na kazi ya kufunga tu. Kununua UPS ya VA 3,000 ili nakala ya dakika ishirini ipate kumalizika ni kulipa mamilioni kwa tatizo ambalo mstari mmoja wa cron unalimaliza.

Mfundishe pia anayekaa kwenye mashine. Kitufe cha kuwashia kikibonyezwa mara moja na kuachiwa, Linux iliyopangwa hivyo inaanza kuzima kwa utaratibu na skripti inaitwa. Kikishikiliwa sekunde nne au zaidi, ni sawa na kuchomoa waya. Andika kwa kalamu ya rangi ubandike juu ya kompyuta: bonyeza, achia, subiri.

Kabla hujamlipa fundi, mwambie achomoe plagi ya UPS ukutani mbele yako, na saa mkononi. Mashine ikishazima, aiwashe, aandike journalctl -b -1 | grep funga-duka, nawe usome mwenyewe kama nakala imekamilika. Kisha afungue faili la nakala hiyo na kulirudisha kwenye kanzidata ya majaribio. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa haijulikani kama ni nakala. Aangalie pia kwenye mipangilio ya BIOS kama mashine itawaka yenyewe umeme ukirudi au itangoja mtu, na uamue unalotaka: seva ya zahanati iwake, kompyuta ya duka lililofungwa ibaki imezima.

Jaribio hilo lirudiwe kila Februari, kabla mvua kubwa hazijashika. Siku hiyo pima pia betri inadumu dakika ngapi: ukikuta zimeshuka chini ya nane, elfu hamsini za betri zitoke mwezi huohuo.